Nomino Haitembei Peke Yake: Ushauri kwa Wanaoanza Kujifunza Lugha

Nilipoanza kujifunza Kijerumani nilinunua daftari, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa, upande wa kushoto nikaandika nomino na upande wa kulia maana yake kwa Kiswahili. Baada ya miezi michache nilikuwa nimekusanya maneno yapatayo mia sita, nami nikajiona nimefika mbali. Siku nilipotakiwa kuandika aya moja tu kuhusu vyombo vya mezani ndipo nilipotambua kwamba daftari lote halinifai kitu. Nilijua kuwa Löffel ni kijiko, Gabel ni uma na Messer ni kisu, lakini sikujua kuwa kijiko kina jinsia ya kiume (der Löffel), uma ya kike (die Gabel), na kisu hakimo katika jinsia yoyote kati ya hizo mbili (das Messer). Na asiyejua hilo hawezi kuunda sentensi sahihi, kwa sababu kibainishi (kama der, die au das), kivumishi na kiwakilishi vyote huifuata jinsia ya nomino. Nililazimika kurudi ukurasa wa kwanza. Haya ninayaandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajanunua daftari.

Kosa hilo lilikuwa la aibu kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili. Tunaposema "kitabu kile kikubwa kimoja kimepotea", kiambishi ki- kinasikika mara tano, na mara nne kati ya hizo hakimo ndani ya nomino. Chukua neno "meza", ambalo halibadiliki hata kidogo katika wingi: ni "meza hii imevunjika" na "meza hizi zimevunjika" ndizo zinazotufahamisha kama ni moja au nyingi. Ngeli, kwa hiyo, huonekana kwa wafuasi wa nomino kuliko kwenye nomino yenyewe, na jinsia za Kijerumani, Kifaransa au Kiarabu ziko hivyo hivyo.

Usipoteze muda kutafuta sababu katika maana. Jua ni la kiume katika Kifaransa (le soleil), la kike katika Kijerumani (die Sonne), na la kike pia katika Kiarabu (shams), ilhali ni jua lile lile. Umbo la neno hukusaidia zaidi: nomino za Kijerumani zinazoundwa kwa kiishio -ung ni za kike, na zote zenye -chen ya udogishaji haziwi za kiume wala za kike. Hata hivyo umbo nalo hudanganya. Katika Kihispania -a huashiria jinsia ya kike mara nyingi, lakini "problema" ni la kiume. Sisi wenyewe tulidanganyika kwa faida yetu: ki- ya "kitabu" ilikuwa sehemu ya mzizi wa Kiarabu, tukaisikia kama kiambishi, tukapata "vitabu", wakati Waarabu wanasema "kutub".

Mahali panapohitaji subira zaidi ni pale ambapo umbo na maana vinavutana. Kiboko ana ki- ya kiti, lakini tunasema "kiboko mkubwa amelala". Ndiyo maana mfumo wa kuzipa namba ngeli za Kibantu, unaotokana na kazi ya mwanaisimu Wilhelm Bleek ya mwaka 1862, humweka kiboko pamoja na kiti kwa kutazama kiambishi, na mfumo wa A-WA na KI-VI humtoa huko kwa kutazama upatanisho; mwanafunzi anayechanganya mifumo hiyo miwili hudhani mmojawapo umekosea. Sasa tazama "rafiki yangu amefika". Kimilikishi kinafuata ngeli ya nyumba na meza, kitenzi kinafuata ngeli ya watu, na yote ni katika sentensi ya maneno matatu. Kijerumani hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa Mädchen, yaani msichana: kibainishi kilichoshikana na neno ni das, kwa sababu ya -chen, lakini sentensi inayofuata wengi humtaja kwa sie, kiwakilishi cha kike. Mwanaisimu Greville Corbett alieleza mwaka 1979 kwamba kadiri neno linavyokuwa mbali na nomino ndivyo upatanisho unavyoelekea kufuata maana. Nilipolielewa hilo, nusu ya "vighairi" nilivyokuwa nikivilalamikia vilipata utaratibu.

Kuhesabu ni mtihani wa pili. Katika Kituruki, kitap ni kitabu na kitaplar ni vitabu, lakini vitabu vitatu ni üç kitap, kwa umoja, kwani namba imeshasema yote. Kirusi hubadilisha umbo kwa kufuata namba: odin stol (meza moja), dva stola (mbili), pyat stolov (tano). Katika Kijapani nomino haibadiliki kwa kawaida, ila namba huhitaji neno la kuhesabia linalotegemea umbo la kitu: karatasi tatu ni kami sanmai, penseli tatu ni enpitsu sanbon.

Kuhusu lugha zenye viishio vingi vya nomino, kama Kifini, nitasema machache. Talo ni nyumba, talossa ni ndani ya nyumba, talosta ni kutoka ndani yake. Anayetishika akumbuke kuwa nasi tuna -ni, na kwamba ikiingia, upatanisho nao unahama: nyumba yangu, nyumbani kwangu.

Daftari langu la sasa halina nomino iliyokaa peke yake. Kila neno jipya huingia na kivumishi kimoja, kitenzi kimoja, na namba 1, 2 na 5, hata kama lugha yenyewe haibadilishi chochote, maana kutobadilika nako ni habari. Kwa mtindo huo napata maneno manane au kumi kwa siku, ambapo zamani niliandika hamsini.