"Kisumu is as hot like Mombasa": kosa linaanzia kwenye "kama"

Mwalimu mwenzangu wa Kondele, umeuliza kwa nini wanafunzi wa gredi ya nane wanarudia "Kisumu is as hot like Mombasa" hata ukiwasahihisha kila wiki. Mchawi ni "kama". Kwa Kiswahili neno hilo moja linatosha: Kisumu kuna joto kama Mombasa. Kiingereza kinataka mawili, "as" moja mbele ya kivumishi na "as" nyingine nyuma yake. Mtoto analikumbuka la kwanza. Akifika la pili anatafsiri "kama" na kupata "like".

Mpe kwanza sentensi mbili fupi, "Kisumu is hot" na "Mombasa is hot". Achukue "hot" aitie katikati ya "as" mbili, bila kuongeza hata herufi. Hapo "as hotter as" nayo inakufa. Hiyo huzaliwa ukifundisha "hotter than" kipindi hichohicho. "Sawa na" pia ina mtoto wake: "same price with". Ni "the same price as".

Kwenye ukanushi, "Nakuru is not as hot as Kisumu" haisemi tu kwamba joto halilingani. Inasema la Nakuru ni pungufu. Ni katika ukanushi ambapo "so" inaweza kushika nafasi ya "as" ya kwanza.

Panapoangusha hata walimu ni "a". Andika "Otieno is as good a fisherman as his father", si "as a good fisherman as". Kivumishi kimegandana na "as", kwa hiyo "a" inasukumwa nyuma yake, kabla ya nomino. Muundo huu ni wa umoja. Wakiwa wavuvi wengi, zunguka: "They fish as well as their fathers." (Ndiyo, "well", kwa sababu sasa tunaeleza kitenzi.)

Vinavyohesabika vinachukua "as many mangoes as", visivyohesabika "as much flour as". Kwa bei, "Tilapia costs three times as much as omena": omena ikiwa shilingi 100, tilapia ni 300. Epuka "three times more than", maana wapo watakaosoma 300 na wapo watakaosoma 400.

"Achieng likes Otieno as much as me" ina maana mbili. Malizia kwa "as I do" au "as she likes me", kulingana na nani anampenda nani.

Misemo kama "as busy as a bee" na "as cool as a cucumber" ifundishe michache tu. Insha iliyojaa nyuki na matango inachosha. Ila "as good as" usiiruke, kwa kuwa mara nyingi hailinganishi chochote. Mchuuzi akikwambia "That fish is as good as sold", samaki hajauzwa bado, lakini usipoteze muda kuulizia bei.