Gari Lililokuzidi Umri: Maswali na Majibu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana wanaoendesha magari yaliyotoka kiwandani kabla wao hawajazaliwa. Wengi wanaomba radhi kwanza ndipo waulize, kana kwamba kulipenda gari kuukuu ni kosa. Si kosa hata kidogo. Nimechagua maswali sita, na nimekaa zaidi kwenye yale yanayoweza kuokoa injini au mtu.

Shikamoo. Gari langu likiwa kwenye mwendo, mshale wa joto unatulia katikati. Nikikwama kwenye foleni unapanda hadi kwenye nyekundu. Fundi ameshauri tuondoe thamostati. Nikubali?

Marahaba, na usikubali. Thamostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha pa kuanzia. Gari likitembea, upepo wa barabarani ndio unaopoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo inabaki kwa feni peke yake. Basi anza na feni. Kama ni ya umeme, liache gari lingurume limesimama hadi joto lipande kidogo, uone kama feni itawaka. Isipowaka, kagua fyuzi, rilei na swichi ya joto kabla ya kununua mota mpya. Kama feni inazungushwa na injini, angalia mkanda na klachi yake, maana klachi iliyochoka huiacha feni izunguke kwa ulegevu hata injini ikiwa imepamba moto. Feni ikiwa nzima, hamia kwenye rejeta: huenda nje imeziba kwa vumbi na wadudu, au ndani imeziba kwa kutu.

Kutu hiyo huletwa na maji matupu. Kulanti, yaani maji ya rejeta yaliyotiwa dawa, hupandisha kiwango cha kuchemka, lakini kwa gari la zamani faida yake kubwa ni kuzuia kutu. Kifuniko cha rejeta nacho si cha kufunika tu. Kinabana mfumo uwe na presha, ndiyo maana maji ndani yake yanaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka. Ukikifungua kikiwa cha moto, presha inaachia ghafla na maji yale yanakurukia usoni. Vijana wengi wameungua hivyo. Injini ipoe kwanza, hadi uweze kulishika bomba la juu la rejeta bila kuondoa mkono.

Ukiondoa thamostati, injini itachelewa kufikia joto lake la kazi, itakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na feni yako itabaki na ubovu uleule.

Mshale ukipanda mahali ambapo huwezi kusimama papo hapo, zima kiyoyozi na ufungue hita hadi mwisho. Utatoka jasho, lakini hita inavuta joto kutoka kwenye injini. Kisha tafuta pa kusimama uzime. Kuendelea "kidogo tu" ndiko kunakopindisha silinda hedi (kichwa cha injini), hasa ya aluminiamu, na kuunguza gasketi inayoiziba. Bili yake inaweza kuzidi thamani ya gari zima.

Ndugu zangu wanataka niliuze nikope gari jipya. Nina hoja gani?

Hoja ipo kwenye daftari. Jumlisha ulichotumia kwa matengenezo mwaka mzima, gawanya kwa 12, kisha linganisha na rejesho la mkopo la kila mwezi pamoja na bima kubwa ambayo mkopeshaji atadai. Kumbuka pia kuwa gari jipya hushuka thamani haraka zaidi miaka ya mwanzo, wakati lako limeshamaliza sehemu kubwa ya safari hiyo. Ila andika na siku ulizokosa kazi kwa sababu ya gari. Zikiwa nyingi, ndugu zako wana hoja pia.

Nataka kununua gari langu la kwanza, la zamani. Niangalie nini nisije nikauziwa ubovu?

Mwambie muuzaji asiliwashe tangu usiku wa kuamkia siku utakayokwenda kulikagua. Injini ya moto huficha mengi. Ukifika, shika boneti. Kama ina joto, uliza kwa nini. Liwashe mwenyewe huku mwenzako akitazama ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata joto ni kulanti inayoingia kwenye silinda. Mweusi, kwa injini ya petroli, ni mafuta yanayozidi hewa, na mara nyingi huo ndio nafuu kurekebisha.

Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utelezi mzito wa rangi ya maziwa, huenda maji yamechanganyika na oili, ingawa gari la safari fupi fupi hufanya hivyo kidogo kwa sababu ya unyevu tu. Uliza mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni, ulibadilishwa lini, na udai risiti. Kwa injini nyingi, mkanda huo ukikatika vali hugongana na pistoni, na hapo injini imekwisha. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na upunguze bei kwa gharama ya kuubadilisha.

Halafu ingia uvunguni na tochi. Kutu ya juu juu kwenye mlango isikutishe. Kutu iliyokula chasi au mahali suspensheni inaposhikilia ndiyo ya kukurudisha nyumbani mikono mitupu, hata kama moyo umeshalipenda.

Jambo la mwisho: penda kilichopendwa na wengi. Volkswagen Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na Toyota Corolla imekuwepo tangu 1966. Magari ya namna hiyo yana vipuri, na yana mafundi wanaoyajua. Gari adimu ni zuri machoni, lakini litakukalia miezi likisubiri kifaa kimoja.

Nina pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu. Rangi au tairi?

Tairi, bila kufikiri mara mbili. Na usitazame meno peke yake. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama, na watengenezaji wengi hushauri tairi lisipite miaka 10 hata likionekana zima. Ikibaki pesa kidogo, badilisha mafuta ya breki. Hufyonza unyevu kutoka hewani, na unyevu huo ukichemka kwenye mteremko mrefu, pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Rangi itasubiri.

Kila asubuhi betri imekufa. Nimeshabadilisha betri mbili na fundi sasa anataka altaneta. Nimwamini?

Mwombe apime kwanza, au nunua mita ndogo ya volti upime mwenyewe. Betri nzima iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, kwenye betri hiyohiyo usome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ukipata hizo, altaneta inachaji, na huenda kuna kitu kinachonyonya umeme usiku: taa ya buti, redio iliyofungwa vibaya, alamu ya zamani. Gari likiwa limezimwa, chomoa waya mmoja wa betri uunganishe mita ya ampea kati ya waya huo na betri, kisha ondoa fyuzi moja moja hadi usomaji ushuke ghafla. Hapo umempata mwizi.

Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Mpelekee dalili, usimpelekee kifaa cha kubadilisha: linafanya hivyo likiwa baridi au moto, mvua au jua, tangu lini, baada ya nini.

Nitajuaje kwamba imetosha, niliachie?

Injini na giaboksi hubadilishwa. Irv Gordon, mwalimu wa Marekani, alinunua Volvo P1800S mwaka 1966 akaiendesha zaidi ya maili milioni 3, na siri yake ilikuwa kuihudumia kwa wakati bila kuruka. Kwa hiyo usiliachie kwa sababu ya umri wala namba kwenye mita.

Liachie bodi ikishaoza mahali panapokulinda. Gari lako pengine halina mifuko ya hewa, na mikanda na chuma ndivyo vyote ulivyo navyo siku ya ajali. Chasi ikiwa imeliwa, usimuuzie mwingine kama gari la kuendesha. Liuze kwa vipuri, na umweleze mnunuzi waziwazi sababu.