Kabla jumuiya yenu haijahamia kwenye zana yoyote, jueni mtakavyotoka

Jumuiya nyingi za programu huria huanza kwa kulinganisha vipengele: zana ipi ina ubao mzuri wa kazi, ipi ina gumzo la kuvutia. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: siku tukilazimika kuhama, tutaondoka na nini? Kuhama si jambo la nadra. Google Code, huduma ya Google ya kuhifadhi miradi ya msimbo mtandaoni, ilifunguliwa mwaka 2006, ikatangaza kufungwa mwaka 2015 na ikazimwa Januari 2016. Gitorious, huduma nyingine ya aina hiyo, ilinunuliwa na mwenzake GitLab mwaka 2015, nayo ikafungwa. Mwaka 2020 Bitbucket, nayo ya aina hiyo, iliacha kupokea hifadhi (faili za mradi pamoja na historia yake) za Mercurial, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Git yenyewe, programu ya kazi kama hiyo inayotumiwa zaidi leo, ilizaliwa mwaka 2005 kwa sababu hiyohiyo: watengenezaji wa kiini cha Linux walinyimwa leseni ya bure ya BitKeeper, programu ya aina hiyo waliyokuwa wakiitegemea.

Msimbo hautawasumbua sana, kwa kuwa kila aliyenakili hifadhi ya Git kwa kawaida anayo historia yake kamili. Vinavyopotea ni vile vinavyouzunguka: tiketi (taarifa za hitilafu na mapendekezo), maoni ya mapitio, lebo, faili za matoleo. Na humo ndimo zilimo sababu. Miaka mitatu baadaye mtu atauliza kwa nini kipengele fulani kilikataliwa, na jibu halimo ndani ya msimbo, limo kwenye tiketi iliyofungwa.

Kwa hiyo fanyeni jaribio kabla ya kuamua. Fungueni hifadhi ya majaribio, mwandike tiketi tano: moja yenye picha, moja iliyofungwa, na nyingine zenye maoni ya watu wawili tofauti. Ongezeni ombi la kuunganisha (pendekezo la badiliko la msimbo) lenye maoni kwenye mstari mahususi wa msimbo. Kisha hamisheni kila kitu kwenda mfumo mwingine. Gitea na Forgejo, programu za kuendesha huduma kama hiyo kwenye seva yenu wenyewe, zina njia ya kuingiza tiketi, lebo, maombi na matoleo kutoka GitHub au GitLab. Mkimaliza, angalieni kama picha zimehama kweli au bado zinavutwa kutoka seva ya zamani, na kama kila maoni yamebaki na jina la mwandishi wake au yote yamebeba jina la aliyehamisha. Zaidi ya yote, angalieni namba. Maelezo ya mabadiliko yamejaa maneno kama “inatatua #214”. Kwenye GitHub, tiketi na maombi ya kuunganisha hutumia mfululizo mmoja wa namba. Kwenye GitLab kila kimoja kina wake, na ombi huandikwa !214. Rejeleo la zamani la #214 lililokuwa la ombi halitafika tena palepale.

Fedha ya kwanza ya jumuiya inunue kikoa, yaani jina lenu wenyewe la mtandaoni. Nyaraka, anwani za barua pepe na kiungo cha gumzo vyote vipitie humo, ili mkibadili huduma mrekebishe mahali pamoja tu. Mwaka 2021 ulipozuka mgogoro wa umiliki wa Freenode, mtandao wa gumzo uliotumiwa na miradi mingi huria, wasimamizi wake walijiondoa wakaanzisha Libera.Chat, na miradi mingi ikabidi kuwaelekeza watu wake upya. Aliyekuwa na ukurasa wake kwenye kikoa chake alibadilisha mstari mmoja. Kikoa kisajiliwe kwa barua pepe isiyo ya kikoa hichohicho, kwa sababu kikiisha muda, ilani za kulipia hazitamfikia mtu. Watu wawili au zaidi wawe na uwezo wa kukihuisha. Vivyo hivyo kwa akaunti ya hifadhi: wamiliki wasipungue wawili, na misimbo ya dharura ya uthibitishaji wa hatua mbili ihifadhiwe nje ya simu ya mtu mmoja. Mradi ukikua, taasisi kama Software in the Public Interest au Software Freedom Conservancy zinaweza kushika mali ya miradi zinayoikubali.

Je, muwe na seva yenu? Kusakinisha ni rahisi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Forgejo au Gitea kwa jumuiya ndogo hutosheka na GB 1 ya kumbukumbu (RAM). GitLab huanza kuhangaika chini ya GB 4, nayo hairuhusu kuruka matoleo ovyo: ukikaa muda mrefu bila kusasisha, utapaswa kupita vituo vya lazima kimoja baada ya kingine, na kusubiri kila kimoja kimalize kazi zake kwenye hifadhidata. Kisha kuna barua pepe. Watoa seva wengi hufunga mlango wa 25, ambao seva hutumia kutumiana barua, na hata ukifunguliwa, bila rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, ujumbe wa kuthibitisha akaunti huishia kwenye barua taka, na mchangiaji mpya huondoka kimya. Tumieni huduma ya kupitishia barua. Usajili ulio wazi kabisa huleta akaunti za matangazo, na roboti za kukusanya kurasa hufungua historia ya kila faili katika kila badiliko hadi kichakataji kinalemewa. Wekeni kikomo cha kurasa ambazo mgeni mmoja anaweza kuomba kwa mfululizo, na upakuaji wa msimbo kama faili zilizobanwa (zip) uwe wa walioingia tu. Kama hakuna watu wawili walio tayari kuamka seva ikizima, msiiendeshe. Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha faida Berlin juu ya Forgejo, huwapa miradi huria nafasi bila malipo.

Kuhusu nakala rudufu, tukio la GitLab.com la tarehe 31 Januari 2017 limeelezwa hadharani na wenyewe, na linafaa kusomwa na kila msimamizi. Mhandisi alifuta data ya hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Nakala za kila siku hazikuwepo, kwa kuwa programu ya kuzitoa ilikuwa toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, matoleo yasiyoelewana. Barua za kuonya kwamba zinashindikana zilikuwa zikikataliwa kwa sababu ya mipangilio ya DMARC, kanuni ya kukataa barua zisizothibitishwa. Waliokolewa na picha ya diski (nakala ya data yake yote kwa wakati huo) iliyopigwa kwa mkono saa 6 hivi kabla. Hifadhi za msimbo zilisalimika. Tiketi na maoni ya saa hizo vilipotea. Rejesheni nakala yenu kwenye mashine tupu angalau mara moja kila robo mwaka, na mhesabu tiketi zilizorudi.

Majaribio ya kiotomatiki, yanayoendeshwa na huduma kila msimbo unapobadilika, ndiyo hufunga jumuiya kwa mtoa huduma kuliko kitu kingine. Wekeni amri zote kwenye hati ya amri (script) iliyo ndani ya hifadhi, na faili ya mipangilio ya huduma iiite hati hiyo tu. Travis CI, huduma ya majaribio hayo, ilipobana matumizi ya bure mwaka 2020, miradi iliyojipanga hivyo ilikuwa na kazi ndogo ya kuhama. Mashine yenu wenyewe isiendeshe msimbo wa mgeni bila idhini, hasa ikiwa ina funguo za kutolea matoleo.

Gumzo ni la mazungumzo, uamuzi uandikwe kwenye tiketi. Slack ya bure huonyesha siku 90 tu zilizopita. Zulip hupanga mazungumzo kwa mada, jambo linalowafaa sana watu wanaoamka saa tofauti.

Siku ya kuhama ikifika, tangazeni wiki mbili kabla. Zuieni tiketi mpya zisifunguliwe upande wa zamani, hamisheni, kisha linganisheni idadi ya tiketi, matawi na matoleo. Hifadhi ya zamani iwe ya kusomwa tu, mstari wa kwanza wa maelezo yake uonyeshe anwani mpya, na msiifute, maana viungo vya nje vinaendelea kufika pale.