Maswali yenu: homoni, figo na panya wa maabara

Meseji zimejaa na nusu yake ni swali lile lile, kwa hiyo naanza nalo.

Nimemchoma panya vasopresini (homoni ya ubongo inayoiambia figo ibane maji) ila mkojo haukupungua. Homoni imeharibika?

Hujaniambia panya ni dume au jike, alikunywa maji lini, alikuwa macho au kapigwa nusu kaputi. Kila wiki mnaniandikia hivi hivi! Panya mwenye kiu au aliyetoka kupasuliwa, ubongo wake umeshamwaga vasopresini yake mwenyewe, akwaporini, yaani vijitundu vya kupitishia maji, zimeshapangwa kwenye mirija ya mwisho ya figo na maji yanarudi mwilini, sasa hiyo yako itabana nini tena? Mnyweshe maji kwanza homoni yake ishuke, ndo uchome. Na uwe na panya wengine unaowachoma maji ya chumvi tu, maana woga wa sindano nao unakaza mishipa ya figo na mkojo unapungua bila homoni yoyote.

Kuna panya asiye na vasopresini kabisa?

Yupo, anaitwa Brattleboro, aligunduliwa Vermont, Marekani, mwaka 1961. Jeni yake imepungukiwa herufi moja tu, basi, homoni haiingii kwenye damu na kwa siku anakunywa maji zaidi ya nusu ya uzito wake na kuyakojoa yote. Ukimpa homoni kutoka nje mkojo unakuwa mzito. Mimi nampenda kwa hilo, anakuonyesha figo ni nzima, kilichokosekana ni ujumbe tu.

Aldosteroni si ndo hiyo hiyo vasopresini?

Hapana. Aldosteroni inarudisha sodiamu na kutoa potasiamu, vasopresini inarudisha maji. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno.

Nikimtoa panya tezi za adreno (zile zilizo juu ya figo) atakaa siku ngapi kabla hajafa?

Kwa nini umpangie kifo? Tezi zikitoka aldosteroni hakuna, sodiamu inavuja kwenye mkojo, potasiamu inajaa kwenye damu, presha inaporomoka. Mtafiti Curt Richter alionyesha mwaka 1936 kwamba panya wa aina hiyo akiwekewa maji ya kawaida na ya chumvi anachagua ya chumvi mwenyewe, na anaishi. Weka hiyo chupa siku ile ile ya upasuaji.

Natumia madume tu kwa sababu homoni za majike zinabadilika badilika. Si sawa?

Si sawa, na hili linaniuma kweli. Kwani testosteroni si homoni? Figo ya panya dume haiko pembeni ya homoni, imelowa ndani yake. Kwa ile aina ya panya wadogo (mouse) dume ana figo kubwa kuliko jike, na jike akipewa testosteroni figo zake nazo zinakua. Kwa ile aina ya panya wakubwa (rat) madume wanavyozeeka vichujio vya figo vinapata makovu na protini inavuja kwenye mkojo kuliko kwa majike, ukiwahasi madhara yanapungua. Sasa wewe umepima dawa ya figo kwa madume ishirini halafu unaandika "panya" kana kwamba umewapima wote, na daktari atakayesoma atampa mama mwenye figo mbovu. Weka jinsia zote mbili, andika umri, andika na saa uliyokusanya mkojo maana panya ni mnyama wa usiku, anakula, anakunywa na kukojoa zaidi giza likiingia.

Ni kweli moyo nao unatoa homoni ya figo?

Kweli. Mwaka 1981 mtafiti Adolfo de Bold na wenzake walisaga vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawachoma panya wengine maji yaliyotoka humo, na panya hao wakakojoa chumvi na maji kwa wingi. Moyo ukivutika kwa damu nyingi unaiambia figo ipunguze mzigo.

Desmopresini (dawa iliyotengenezwa kwa mfano wa vasopresini) inazuia mkojo kwa panya, naweza kumeza nisiamke usiku?

Usijimezee! Ukiimeza huku unaendelea kunywa maji mengi, maji yanabaki mwilini, sodiamu inashuka kwenye damu, unaweza kupata degedege. Daktari anayeitoa anapima sodiamu na anakupangia maji ya kunywa. Kama umeshaanza na kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, nenda hospitali sasa hivi na dawa uibebe.