Mama, kuhusu gitaa

Lubumbashi, komini ya Kenya

Mama,

Nakuita hivyo kwa sababu jina la mama yangu ndilo unalobeba, na mumeo ameshazoea.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umempata mwalimu wa gitaa hapo Bukavu, upande wa Nyawera. Anataka umlipe miezi mitatu kwa mkupuo, na miezi yote hiyo ni solfeji tu, yaani kusoma na kuimba noti, gitaa hutaligusa. Unaniuliza ukubali au ukatae. Halafu unaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu wa miaka 36 akianza gitaa hatachekwa.

Utachekwa. Mimi nilianza nina miaka 29, na watoto wa parseli walikuwa wanakuja dirishani kuniiga kila nilipokosea. Walichoka wenyewe.

Hela ya miezi mitatu usitoe. Mimi nilitoa. Wiki ya tano mwalimu wangu alipata kazi Kolwezi, akaenda na franga zangu, na hata kuaga hakuaga. Lipa wiki kwa wiki, anayejiamini atakubali.

Solfeji sina ugomvi nayo, kwaya yetu ya parokia inaishi kwayo. Ila vidole havijui kusoma, Mama. Mwezi wa kwanza wa gitaa ni kazi ya ngozi: ncha za vidole vya mkono wa kushoto zinauma, zinabaki na mstari mwekundu wa uzi, kisha zinaota sugu. Ukikaa miezi mitatu na daftari, maumivu hayo utayakuta palepale. Na wewe muuguzi unanawa mikono kutwa nzima, maji yanalainisha sugu, kwa hiyo zako zitachelewa. Usishike gitaa ukiwa umetoka kunawa, ngoja vidole vikauke kabisa. Na nyuzi ziwe za nailoni, za chuma zitakukata bure. Mwambie huyo bwana: solfeji dakika kumi, saa inayobaki gitaa liwe mapajani. Akikataa, mshukuru uondoke.

Siku ya kwanza mwombe akufundishe kulinganisha nyuzi, kabla ya wimbo wowote. Kutoka uzi mnene: mi, la, re, sol, si, mi. Unabonyeza uzi mnene nafasi ya tano ya shingo, ukihesabu kutoka kichwani, unapata sauti ya uzi unaofuata, na unaendelea hivyo hivyo hadi ufike sol. Hapo unabonyeza nafasi ya nne, sio ya tano, ndipo upate sauti ya uzi wa si. Kisha unarudi kwenye ya tano. Hiyo nne yule wa Kolwezi hakunitajia, nikapiga gitaa bovu karibu mwaka mzima nikidhani masikio yangu ndiyo mabovu.

Mwangalie pia mkono wa kulia. Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada. Viwili tu! Dole gumba linatembeza besi, shahada inaongea juu yake, ukisikiliza unatafuta mtu wa pili yuko wapi. Mwalimu akikuambia huo ni upigaji wa kijijini, mwombe akupigie hivyo hata dakika moja. Utaona uso wake.

Gitaa langu usiliombe, shingo imepinda. Nunua huko huko, na kabla hujalipa bonyeza kila uzi karibu na kichwa. Ukihitaji nguvu za kukamua blanketi, liache dukani.

Jumapili baada ya misa nipigie. Weka simu mezani karibu na gitaa, usiseme kitu, piga uzi mmoja mmoja taratibu. Nitakuambia upi uko chini.

Papa