Mwanangu anasema simu inamsikiliza

SWALI: Mwanangu ana miaka 18, yuko Senior Five. Tangu likizo ianze halali usiku. Amefunika dirisha kwa blanketi na ametoa betri ya simu, eti kuna watu wanamsikiliza humo. Chakula nikimpa, anakinusa kwanza. Shemeji yangu anasema ni mairungi (miraa), baba yake anasema ni mapepo. Nimpeleke wapi, na nimwambieje asikimbie? – Mama, Arua

JIBU: Mama, usingoje avunje vitu ndipo umpeleke. Kukesha, kujifungia na kuamini kwamba anapelelezwa ni dalili za kutiliwa maanani, kwani saikosisi huanza hivyo: akili inasikia au kuamini yasiyokuwapo. Huwashika zaidi vijana wa miaka 15 hadi 30, na mara nyingi hutanguliwa na miezi ya alama kushuka, kuacha kuoga na kuwakwepa marafiki. Kadiri anavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Akiwa na homa, shingo imekakamaa, ana degedege, au fahamu zinakuja na kupotea, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo huleta maruweruwe, nazo huua haraka.

Shemeji yako huenda ana hoja. Mairungi, bangi na pombe vyaweza kuamsha hali hii. Lakini msiseme "aache kwanza tuone". Mwelezeni mhudumu anatumia nini, kiasi gani na mara ya mwisho lini.

Katika kuongea naye, usibishane kuhusu simu, wala usimkubalie kwamba kweli wanamsikiliza. Shika lile linalomsumbua mwenyewe: "Naona hulali, na una hofu. Twende kwa daktari akusaidie upate usingizi." Aongee naye mtu mmoja anayemwamini, si baraza la wajomba watano. Tafadhali msimdanganye kwamba mnaenda sokoni, maana tiba ni ndefu na mtahitaji imani yake kila mwezi. Muulize waziwazi kama anasikia sauti zinazomwamuru ajidhuru, au kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, panga na dawa za wadudu ziondolewe, na mwende siku hiyo hiyo.

Hospitali ya rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili, kwa hiyo hakuna haja ya kuanzia Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala. Walio mbali waanzie kituo cha afya cha ngazi ya nne. Huduma za serikali hazilipiwi tangu 2001, ila dawa huisha stoo, basi wekeni akiba kidogo ya kununua. Andika kwenye karatasi: dalili zilianza lini, anasema nini, analala saa ngapi. Huenda akapimwa malaria, VVU, kaswende na sukari, kwa sababu nayo yaweza kuvuruga akili.

Sasa hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa. Akipewa dawa ya saikosisi kama haloperidol, na wakati mwingine hata risperidone, siku za mwanzo shingo yaweza kupinda, macho yakageuka juu, taya likakaza. Anayeiona mara ya kwanza hudhani kijana amepewa sumu, na vidonge vinatupwa chooni. Hayo ni madhara yanayojulikana na yana dawa yake, benzhexol. Mrudisheni siku hiyo hiyo, wamtulize na kurekebisha dozi. Usingizi hurudi mapema, ila shaka zile huchukua wiki kadhaa kupungua. Akishapata nafuu, aendelee na dawa kwa angalau miezi 12 tangu dalili ziishe. Kuacha mapema ndiyo njia ya kawaida ya ugonjwa kurudi, na asiache bila kupangiwa na mhudumu.

Baba yake na amwombee, sala na kidonge havigombani. Kinachomdhuru ni kufungwa kamba na kunyimwa chakula kwa jina la mfungo, maana njaa na kukesha huzidisha ugonjwa. Mwambie baba aje naye kliniki siku ya kwanza, asikie mwenyewe kwa mhudumu.