Unachora kwa simu ya RAM GB 3? Rekebisha haya kabla ya kununua kishikwambi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: mistari inatetemeka ukichora kwa kidole, picha uliyoprinti A4 imetoka na ukungu na rangi zimepooza, na kama ununue kishikwambi sasa hivi. Kishikwambi kiache kwanza. Hayo mawili ya mwanzo hayatokani na simu, ukinunua kifaa kipya utahama nayo.

Ukungu umetokana na ukubwa wa turubai, yaani eneo unalochorea ndani ya programu. A4 ya kuprinti inataka pikseli 2480 kwa 3508, yaani nukta 300 kwa inchi. Kwa kipimo kingine chochote chukua sentimita, gawanya kwa 2.54, zidisha kwa 300. Vipimo hivi vinapangwa kabla ya kuchora. Ukichora kwenye pikseli 800 halafu ukaja kukuza, programu inajibunia pikseli ambazo wewe hukuzichora, na ndio huo ukungu. Bango la barabarani lina hesabu yake, linatazamwa kwa mbali, nukta 100 kwa inchi zinatosha.

Sasa hapo ndipo RAM, kumbukumbu ya muda ya simu, inapoingia. Turubai la A4 kwa vipimo hivyo linakula kama MB 35 kwa kila leya, yaani tabaka la mchoro. Leya kumi ni MB 350, programu yenyewe bado hujaihesabu, ndio maana simu inaganda au programu inajifunga yenyewe. Funga programu nyingine zote, na leya ulizomaliza ziunganishe. Tano zinatosha kabisa: mandhari chini, juu yake rangi bapa (isiyo na kivuli), kisha kivuli, kisha rasimu uliyoififisha mpaka asilimia 20 hivi, na mistari safi juu kabisa. Ukimaliza mistari, zima rasimu.

Kuhusu kutetemeka: wengi wanachora polepole wakidhani ndio umakini. Mstari wa polepole ndio unaotetemeka zaidi. Kuza turubai hadi asilimia 200, lizungushe ili mstari uje upande wako, kisha uvute mara moja. Ukikosea, futa urudie, usiuunge kwa vipande vipande. Programu ya kuchorea ya ibisPaint ina kitulizaji cha mstari, kiweke katikati. Ukikipandisha mpaka mwisho mstari unachelewa nyuma ya kidole na kona zinakuwa mviringo, halafu unashangaa mbona vidole vya mtu wako vinafanana na soseji. Kidole kikikuziba usione unachochora, tafuta kalamu yenye kisahani cha plastiki angavu kwenye ncha, ile ya kichwa cha mpira inaziba vilevile. Zote mbili hazisomi mkandamizo, kwa hiyo unene wa mstari utaupanga kwenye brashi.

Ndoo ya rangi (zana ya kujaza rangi) ikimwagika turubai zima, mstari una tundu mahali. Likuze ulizibe. Ikiacha ukingo mweupe kando ya mstari, ongeza upanuzi wa ndoo kwa pikseli 1 au 2.

Kivuli ndicho kinachowaangusha wengi, hasa kwenye ngozi nyeusi. Ukichukua nyeusi tupu ukaipakaza shavuni, uso unaonekana umepakwa masizi. Bana leya ya kivuli (Clipping) juu ya rangi bapa ili isitoke nje ya umbo, iweke kwenye hali ya Multiply, inayotia giza rangi iliyo chini yake, kisha chagua rangi ya zambarau iliyopoa au nyekundu ya udongo. Mng'ao nao usiwe mweupe: mchana nje, paji la uso na juu ya shavu huchukua kidogo bluu ya angani, ndani, chini ya taa ya njano, huchukua njano. Ngozi nyeusi hung'aa kwa vipande vidogo vyenye kingo kali, kwa hiyo usivisambaze vikawa ukungu. Kujikagua, weka leya ya kijivu juu ya zote kwenye hali ya Color. Picha itabaki nyeusi na nyeupe. Kama pua imepotea usoni, tofauti ya mwanga na kivuli haitoshi, hata rangi zivutie namna gani.

Rangi zilizopooza ni kwa sababu skrini inatoa mwanga na printa inatumia wino. Kijani kinachowaka na bluu ya umeme havipo kwenye wino, vipunguze mwenyewe mapema, na uombe kipande cha majaribio kabla ya kuprinti nakala nyingi. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata. Faili likienda kwa WhatsApp, litume kama hati. Ukilituma kama picha linabanwa na kazi yote ya pikseli inapotea. Kwa fulana, toa faili la picha la aina ya PNG lisilo na mandhari. Na faili lenye leya zake lihifadhi nje ya simu kila wiki, maana ukiifuta programu, kazi zilizo ndani yake zinaondoka nayo.

Kishikwambi kinunue siku wateja wanapokutaka kazi ambazo RAM inazikataa. Kama tatizo ni mkono tu, ubao wa kuchorea usio na skrini ni wa bei nafuu na baadhi unaunganishwa na simu kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vingine kwenye simu. Hakikisha simu yako imo kwenye orodha ya mtengenezaji, na ujue kwamba kwenye simu mara nyingi ni kipande tu cha ubao kinachofanya kazi.